Mkono wa Anyes Tumboni kwa Mkwewe

Anyes ni nesi wa chumba cha upasuaji hapa Kyela. Ameolewa Ipinda miaka kumi na mmoja, na muda wote huo hajawahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Ndiyo mila ya Wanyakyusa. Mzee Ambilikile akitokea njiani, Anyes anaingia kwenye mpunga mpaka apite, na mzee naye anageuza uso. Mimi Georgina, mtu wa kuja, ninayewalaza wagonjwa usingizi, nilikuwa namtania sana kwa hilo. Nilikoma siku ile.

Saa nane mchana bajaji ilimleta mzee. Wezi wa kakao walimchoma kisu ubavuni, wakakizungusha humo humo. Dokta Gelasius alipofungua tumbo, damu ilimwagika mpaka kwenye viatu vyetu. Ini lilikuwa limepasuka kama embe lililokanyagwa. Dokta alishindilia vitambaa juu na chini yake, akakandamiza kwa mikono miwili huku akitukana. Damu ikavipita. Akaingiza vidole akabana shina la ini, pale mishipa inapoingilia, damu ikapungua. Sasa atashona kwa mkono gani?

"Anyes, vaa glovu."

Nesi mwenzake alikuwa likizo. Anyes alisimama mlangoni, amegeukia ukuta. Nyuma yake mumewe, Lugano, akafoka, "Ukitia mkono ndani ya baba yangu, kwangu usirudi. Bora afe na heshima yake."

Nilitamani kumtandika kwa mtungi wa oksijeni, mjinga yule. Mlinzi alimburuta nje, akawa anaupiga mlango mateke.

Anyes akavaa glovu. Akaingiza mkono mpaka kifundoni, akabana alipoelekezwa, macho yamefumbwa. Mimi nikahesabu dakika. Kwenye ya kumi na tano, kwa agizo la Dokta, akaachia kidogo ini lipate damu lisife, damu ikafurika, presha ikaporomoka, nikamwambia Dokta mzee anatutoka. Anyes akabana tena. Dokta alishona, uzi ukachana nyama, akashona upya. Vidole vya Anyes vilikufa ganzi, machozi yakalowesha barakoa, na mlango bado unapigwa mateke. Hakulegeza. Chupa ya nne ya damu ilipokuwa inaisha, ini likatulia.

Anyes alihamia kwangu, maana Lugano alimtupia nguo zake barabarani.

Siku ya sita nilikwenda kumwona mzee wodini. Alikuwa ameketi kitandani, Lugano pembeni yake. Anyes, aliyeombwa kusaidia wodini siku hiyo, akaingia na trei ya dawa, bila kujua ni kitanda cha nani. Mzee alipomwona, akavuta shuka, mshono ukimuuma, akajifunika uso wote. Kwa mila yao, mzee hamfichi nesi uso. Anamficha mkamwana wake.

Anyes akageukia ukuta, akalia kwa sauti. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema.

"Lugano," mzee akasema kutoka ndani ya shuka, "nguo za mke wako umeshaziokota?"