Wimbo wa Mwisho Usio na Ngoma

Mdogo wangu alipiga gitaa kwenye bendi ya hoteli miaka kumi na tisa: nyimbo laini, za watu wanaokula huku wakinong'onezana. Lakini kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alikuja na rafiki yake mpiga ngoma kwenye stoo iliyo nyuma ya duka langu la kushona. Wakifungulia spika, sakafu yote ya mbao, kuanzia stoo hadi dukani, ilitetemeka, nami nikatamani ardhi inimeze mbele ya wateja. Roki nzito! Mtu mzima mwenye mvi anapiga gitaa kama anavunja kabati.

"Vumilia, dada," alikuwa akiniambia. "Ile ya hoteli ni ya tumbo. Hii ni yangu."

Nivumilie nini? Tuligombana kila wiki, mpaka siku nilipomkuta ameng'ata kichwa cha gitaa huku akikaza nyuzi. Nikamwuliza kama njaa imemzidi. Hakucheka. Akasema masikio yanamwishia, daktari amempa miezi tu, na sauti ya uzi siku hizi anaipata kwa meno. Alitaka jambo moja: amalize albamu yake ya nyimbo nane kabla masikio hayajaziba. Niliingia chooni nikalia.

Basi nikawa mtu wao. Nilitundika mablanketi stoo nzima, nikafunga duka Alhamisi, na mteja aliyenuna akanuna. Nyimbo saba zikaisha. Wa nane ulikuwa wa gitaa peke yake, taratibu, hauna ngoma. Mpiga ngoma alibaki na kazi ya kurekodi tu.

"Leo kimya kabisa, dada," akanionya. Mdogo wangu alivua viatu, nikadhani ni joto.

Lakini nilikuwa na sare thelathini za wanafunzi, za kukabidhi kesho yake. Nikajidanganya kwamba cherehani cha miguu hakina kelele. Nikashona mwendo mmoja, polepole, kwa roho juu, mpaka wakamaliza.

Mpiga ngoma alinifuata baadaye, uso umemshuka. "Cherehani kimeingia kwenye rekodi, dada. Wimbo mzima. Alhamisi ijayo tutarudia." Haikuwepo Alhamisi ijayo. Jumatatu tukagundua mdogo wangu hasikii hata mlango ukigongwa. Tukakubaliana tusimwambie, na kwa miezi miwili nilikula nisijue ninakula nini.

Albamu ilipotoka aliniletea nakala ya kwanza dukani. "Wewe huna adabu ya kunipamba," akasema, kwa sauti kubwa mno kama anavyosema sasa. "Sikiliza, uniambie kweli. Iko safi?"

Nikasikiliza mpaka wimbo wa nane. Cherehani hicho hapo, tak, tak, tak, chini ya gitaa. Nilichukua chaki yangu ya kushonea, nikaandika kwenye kipande cha kitambaa: *Mashine yangu inasikika. Nisamehe.*

Alisoma mara mbili.

"Kumbe imeingia?" akasema. "Dada, siku ile sikuwa nasikia kitu. Hata kwa meno. Niliogopa kuwaambia. Nilikuwa nafuata mdundo wa mguu wako, kwenye sakafu."

Akavua viatu, akavuta kiti karibu na cherehani, akanionyesha pedali kwa kidevu. Nikakaa, nikakanyaga.