Baba wa Bisisi

Ukiwauliza watu wa Kaagya habari za Apolinary Ndyamukama, watakuambia alikuwa mtu wa migomba. Hawadanganyi, ila wanasema hivyo kwa sababu ni rahisi kuliko kusema lile jingine. Kibanja chake kilikuwa safi kuliko vyote katika mteremko ule, nyasi zimetandazwa vizuri chini ya migomba, na muhoro wake, lile panga lenye ncha iliyopinda tunalopogolea migomba, hakumwazima mtu. Ndani ya nyumba, kwenye msumari karibu na mlango, kulining'inia kikombe cha bati. Hakuna mgeni aliyewahi kunyweshwa maji kwa kikombe hicho. Nitaeleza kwa nini, na sitakuwa mpole.

Apolinary alimwoa Klaudia mwaka 1957, na mwaka uliofuata wakapata binti, Celina. Klaudia alikuwa na maneno mengi, Apolinary hakuwa na hata moja, na hakuna nyumba inayoweza kuvumilia vyote viwili kwa muda mrefu. Celina alipoachishwa ziwa, mama yake alifunga nguo zake akashika njia ya kusini, hadi Kimwani, akaenda kuishi na mkulima mmoja aitwaye Rweyemamu. Huko, mwezi uleule wa Uhuru, akajifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Buberwa.

Mtu wa mahali pengine angesema basi, mtoto ni wa Rweyemamu, habari imekwisha. Lakini sisi Wahaya tulikuwa na kitu kinachoitwa bisisi. Mwanamke akishajifungua, mwanamume wa kwanza kulala naye baada ya uzazi ule ndiye baba wa mtoto atakayefuata, hata kama mtoto huyo atapatikana miaka mitatu baadaye, katika nyumba nyingine. Baada ya Celina kuzaliwa, wa kwanza alikuwa Apolinary. Kwa hiyo Buberwa alikuwa wake. Mahakama zilishaanza kuikunjia uso mila hiyo, lakini Kaagya hakuna aliyengoja ruhusa ya mahakama. Mtoto alipotimiza miaka mitatu, Apolinary alikwenda Kimwani na baba yake mkubwa, mzee Karugendo, pamoja na wazee wawili wa ukoo, wakasema neno hilo moja, bisisi, wakapewa mtoto. Rweyemamu hakubisha. Naye alikuwa Mhaya.

Wengine waliichukulia bisisi kama sheria tu ya kugawana watoto. Apolinary aliiamini kwa moyo wote, na aliiamini kwa sababu ya migomba. Alijua kwamba ukikata mgomba hadi chini, kisiki kitakaa udongoni kimya, mvua zije zipite, halafu siku moja kitoe chipukizi, na chipukizi hilo litakuwa mgomba uleule. Aliona mbegu yake imekaa hivyo ndani ya Klaudia, ikabebwa hadi Kimwani, ikachipua huko. Hakuoa tena. Alimlea mtoto kwa mikono yake, na yule mtu asiye na maneno akawa anasikika kibanjani akimwonyesha mtoto majina ya migomba, mmoja baada ya mwingine, akicheka. Alimpenda Buberwa kupita kiasi. Nalisema hili mapema ili lisije likasahaulika.

Mtoto alikuwa mgonjwa. Tangu akiwa mdogo vidole vilimvimba, macho yakawa ya manjano, na mara mbili tatu kwa mwaka maumivu yalimshika mifupani hata akashindwa kulia. Majirani walisema amerogwa. Apolinary alitoa mbuzi huku, akatoa kuku kule, hakuna kilichosaidia. Mwanzoni mwa mwaka 1974, mtoto akiwa na miaka kumi na miwili, Apolinary alimbeba mgongoni hadi hospitali moja ya misheni, Celina akifuata nyuma na blanketi.

Mganga msaidizi aliyewapokea aliitwa Aroni, kijana aliyetoka masomoni karibuni na aliyependa kueleza mambo. Alichukua tone la damu ya mtoto, akalitia dawa, akaliweka chini ya hadubini, kisha akamwita Apolinary atazame. Apolinary aliona vitu vidogo vyembamba vilivyopinda kama muhoro wake. Aroni akamwambia hizo ni chembe za damu, zilipaswa kuwa za mviringo, na zikipinda hivyo hukwama kwenye mishipa. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Uchawi haumo.

Apolinary aliuliza ugonjwa umeingiaje. Aroni akavuta kiti. Alisema kila mtu anazaliwa na maagizo ya namna mwili wake utakavyojengwa, na kwa kila jambo anapewa maagizo mawili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Kila mzazi naye ana mawili, lakini humpa mtoto moja tu, na lipi litatoka ni bahati. Kwenye jambo hili la damu, wapo watu wenye agizo moja zima na moja bovu. Lile zima hufanya kazi, lile bovu hukaa kimya, na mtu hulima na kuzeeka bila kujua kwamba analo. Balaa huja watu wawili wa namna hiyo wanapozaa mtoto, na kila mmoja akampa lile bovu. Huyo hana zima la kumwokoa.

"Kwa hiyo si kama mgomba," Apolinary alisema.

Aroni alisema mgomba hauna baba. Chipukizi ni mama yake mwenyewe aliyeota upya, kwa hiyo halina jipya. Mtu ni kama buni, yenye baba na mama. Na hapo Apolinary alielewa upesi kuliko Aroni alivyotegemea, maana alikuwa na kitalu cha kahawa, na buni za mti mmoja zilikuwa zimempa miche ambayo haikufanana hata miwili. Miaka yote alikuwa akiulaumu udongo.

Kabla ya kuwaruhusu, Aroni alichukua damu ya Apolinary na ya Celina. Akasema pia mtoto anyweshwe maji kwa wingi kila siku, asiachwe kwenye baridi, anywe klorokwini kila wiki, na akipata homa aletwe siku hiyohiyo. Apolinary alinunua kikombe cha bati kutoka duka la karibu. Wiki nzima alisimama juu ya mtoto asubuhi, mchana na jioni, akimpimia vikombe na kuhesabu kwa sauti, na mtoto akinywa huku akimtania kwamba atageuka chura. Ilikuwa wiki njema kuliko zote katika nyumba ile.

Aliporudi kuchukua majibu alikwenda peke yake. Aroni alikuwa amepima mara mbili ili awe na hakika, na akamtazamisha damu yake mwenyewe chini ya hadubini, chembe zote za mviringo. Celina alikuwa na agizo moja bovu, kimya, la mama yake. Apolinary hakuwa nalo kabisa, na asiyekuwa nalo hawezi kumpa mtoto.

"Mzee," Aroni alisema, "Buberwa hakutoka kwako."

Sijui kama kulikuwa na haja ya kulisema. Kijana alikuwa na ukweli mkononi, akautoa kama alivyofundishwa. Aliendelea kusema mengine, kwamba matunzo ni yaleyale, kwamba maji yasisahauliwe, na Apolinary akaitikia kwa kichwa bila kusikia. Kilichokuwa kinamuuma hakikuwa kwamba Klaudia alilala na Rweyemamu. Hilo alilijua. Kilichomuuma ni kwamba kile kisiki chake hakijawahi kuwako.

Jioni ile alimweleza mzee Karugendo, mbele ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, na hilo ndilo kosa lake la kwanza. Baada ya siku chache ukoo ulikaa. Wazee walewale waliokwenda Kimwani na neno la bisisi mdomoni sasa walikuja na neno la hospitali. Wakasema damu ya watu wengine haiwezi kurithi kibanja, wala haiwezi kuzikwa humo kati ya makaburi ya baba zetu. Wakasema pia mtoto mwenyewe ni wa kufa, heri akafie kwao. Watu hawa walikuwa hawajawahi kuamini chochote kilichotoka hospitalini, hata kidonge cha kichwa. Siku hiyo waliamini, kwa kuwa kulikuwa na kibanja ndani yake.

Apolinary angeweza kukataa. Kibanja kilikuwa chake. Lakini alikuwa amevunjika, na mtu aliyevunjika hufuata wenye sauti.

Celina, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ndiye mama pekee Buberwa aliyemjua, alimpigia baba yake magoti jikoni. "Tata," alisema, "kama ni damu, ile mbovu ya Buberwa hata mimi ninayo. Nirudishe na mimi." Apolinary alitazama moto. Kesho yake akaondoka na mtoto.

Walipanda basi Bukoba, wakashuka kusini ya Muleba, na sehemu iliyobaki wakatembea polepole, mtoto akipumzika kila mara. Wakati huo ulikuwa wa kuhamia vijiji. Rweyemamu alikuwa amehamishwa na wenzake hadi kijiji kipya cha ujamaa kwenye rweya, yaani mbuga tupu ya nyasi isiyoota mgomba, nyumba zimepangwa mstari mmoja na maji yako mbali. Rweyemamu alitoka mlangoni akamkuta Apolinary amesimama na mtoto, blanketi na kikombe.

"Nimekuletea wa kwako," Apolinary alisema.

Rweyemamu hakusema ndiyo wala hapana. Klaudia alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba akamkumbatia mtoto asiyemkumbuka. Buberwa alimuuliza baba yake atarudi lini, na Apolinary akamjibu kahawa ikiisha kuvunwa. Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amezoea kuamini anachoambiwa na mtu huyo.

Kahawa ikaisha. Apolinary alipeleka magunia yake chama cha ushirika, akarudi, akakaa. Alitaka kwenda, alimwambia Celina hilo baadaye, na mimi namwamini. Kila alipotaka kwenda alijiuliza atakwenda kama nani. Mwezi Novemba, mvua zikiwa zimekaza, abiria mmoja wa basi alileta habari kwamba yule mtoto wa Kimwani anaumwa sana. Apolinary aliondoka alfajiri bila kuuliza mtu. Alipofika, Buberwa alikuwa amezikwa siku mbili zilizopita.

Klaudia alimweleza wakiwa wamesimama nje. Mtoto alikuwa akinywa maji yake kila siku, akihesabu vikombe mwenyewe, na maji yakipungua aliomba ya jirani bila aibu, akisema ni agizo la baba yake wa Kaagya. Kisha homa ikamshika. Siku hiyo wote walikuwa zamu ya shamba la kijiji. Klaudia aliomba ruhusa, akaambiwa amalize mistari yake. Aliporudi mtungi ulikuwa mkavu na mtoto alikuwa amejikunja sakafuni, kikombe kiko mkononi. Alikimbilia maji. Ni mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Alipofika kinywa cha mtoto kilikuwa hakipokei tena.

Alimpa Apolinary kile kikombe, kisha akamwonyesha makaburi ya kijiji. Yalikuwa matuta matano ya udongo mwekundu kwenye nyasi, hakuna mgomba hata mmoja juu yake, na mvua ilikuwa imeyalegeza yote. Klaudia alidhani ni la pili kutoka mwisho.

Apolinary hakulia pale. Alishuka hadi ofisi ya kijiji, chumba chenye meza moja, akamwomba katibu amfungulie kitabu cha vifo. Katibu alikuwa mtu mwema, aliyechoka. Alisoma jina, Buberwa, umri miaka kumi na miwili, kisha akaishia hapo, kwa sababu penye jina la baba palikuwa pamepigwa mstari tu. Alieleza bila kuona haya. Alimuuliza Rweyemamu kama amwandike yeye, naye akajibu kwamba kwa mila ya Wahaya mtoto yule ni wa bisisi wa huko Kaagya, yeye hahusiki. Akamuuliza mama, akaambiwa wa Kaagya alimrudisha. Kitabu kilitaka jina moja, na hakupata hata hilo moja.

"Niandike mimi," Apolinary alisema. "Apolinary Ndyamukama."

Katibu alichukua kalamu, akaichovya, kisha akauliza lile analopaswa kuuliza kwa kila mtu. "Wewe ndiye baba mzazi?"

Apolinary alikuwa amekwishaona ukweli kwa jicho lake mwenyewe, chini ya hadubini, na hakuwa mtu wa kusema uongo. Alisimama pale na kikombe mkononi, watu wengine wakingoja nyuma yake mlangoni.

"Hapana," alisema. "Mimi nilikuwa nampimia maji."

Katibu alisema kitabu hakina mahali pa kuandika hilo. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa na wino tayari, alipitisha mstari wa pili juu ya ule wa kwanza, akamwita mtu aliyefuata.