Mchango wa Kwaya

Msimu wa kahawa nyumbani kwetu Kilema ulikuwa na harufu yake: maganda yaliyomenywa yakioza chini ya migomba, harufu kali yenye utamu ndani yake, iliyonasa kwenye nywele na sare za shule. Miaka yote harufu ile ilimaanisha fedha zinakuja. Mwaka niliokuwa darasa la sita ilibaki harufu tu. Zamani kahawa yetu ilipelekwa kwenye chama cha ushirika. Mwaka ule wanunuzi binafsi walianza kupanda mlimani na magari yao, wakilipa taslimu mlangoni. Wazee walifurahi, wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba aliuza magunia yote kwa mnunuzi wa kwanza, kwa bei ambayo wiki mbili baadaye, wengine walipolipwa zaidi, aliona haya kuitaja.

Kwetu kahawa ilikuwa ya mwanamume. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mwanamke. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja aliyefungiwa bandani. Maziwa aliyauza kwenye mgahawa wa njiani, na siku za soko aliteremka Himo na mikungu ya ndizi kichwani. Hapo ndipo zilipotoka chumvi, sabuni, mafuta ya taa na madaftari yetu. Kitu pekee alichokifanya kwa ajili ya nafsi yake kilikuwa kuimba. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kanisani alipoanzisha wimbo, wanawake waliokuja wamepinda migongo kwa uchovu waliinua vichwa, nami kwenye benchi la mbele niliona fahari kuwa mtoto wake.

Mwaka huohuo kwaya iliamua kwenda Arusha kurekodi kaseti. Kila mwimbaji alitakiwa kuchangia nauli na gharama za studio, na kushona sare mpya. Haba na haba hujaza kibaba. Mama alianza kuweka akiba tangu Kwaresima, akaacha hata kutia sukari kwenye chai yake. Kitambaa cha zambarau alikinunua Moshi mjini, akakikunja chini ya godoro. Mchango nao ulikuwa umetimia siku niliporudishwa nyumbani kwa kukosa ada, ada ambayo baba alipaswa kuilipa kwa fedha za kahawa.

Jioni ile baba alirudi kutoka kilabuni. Alikwenda kila siku kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na hakuna aliyeiita starehe. Iliitwa kukaa na wenzake. Alisema kwa utulivu kwamba fedha zimo humu ndani, zimefungwa kwenye kanga. Mama akajibu kuwa zile ni za maziwa, si za kahawa. Ndipo baba akanigeukia.

"Felista, wewe sasa ni mkubwa. Unataka kusoma, au mama yako akaimbe Arusha?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akimenya ndizi, hakuinua macho.

"Nataka kusoma," nikasema.

Mama alinawa mikono, akafungua fundo la kanga, akaziweka fedha mbele ya baba. Kesho yake nilirudi darasani. Kwaya ilikwenda Arusha bila yeye, na sehemu yake ikaimbwa na mwanamke mwingine. Kaseti ilipotoka ilipigwa dukani mchana kutwa. Mama alipita pale bila kupunguza mwendo. Kitambaa alimuuzia jirani, na kwenye kwaya hakurudi tena. Baba hakukosa kilabuni hata siku moja.

Sasa baba ni marehemu, nami naishi Dar es Salaam. Binti yangu anajifunza kuogelea kila Jumamosi, nami hulipia bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka jana mama alikuja kututembelea, tukakaa kando ya bwawa, akaniuliza ni kiasi gani. Nilimtajia nusu ya bei, na hata hiyo aliiona kubwa. Nikapata ujasiri wa kumwambia kwamba siku ile nilikuwa mtoto, anisamehe.

"Wewe sikukulaumu," alisema. "Baba yako angeacha mbege msimu mmoja tu, ada yako ingepatikana. Hilo hakuna aliyeliuliza. Hata mimi sikuliuliza."

Nikamwambia kuwa siku hizi studio zimejaa mjini na gharama yake si kubwa. Nitalipia kila kitu, aimbe nyimbo zote anazozitaka. Aliendelea kumtazama mjukuu wake akikata maji.

"Kwa sauti ipi, mwanangu?"