Ushindi Kumi na Tisa wa Daktari Zefania

Zefania Mghenyi alianza kuwashuku vijana wa kibanda cha gemu pale Mandewa kwa sababu ya kipa. Jumamosi moja alisema kipa wa toleo jipya la gemu la mpira ni mzembe, anaachia mashuti ya mtoto. Kibanda kizima kikaitikia, "Kweli kabisa, Daktari." Jumamosi iliyofuata akasema, kwa sauti ile ile, kwamba kipa huyo ni hodari kuliko wote aliowahi kuwaona kwenye skrini.

"Kweli kabisa, Daktari," wakaitikia.

Alifika nyumbani, akafungua daftari lake na kuandika tarehe.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, na thelathini na mitatu kati ya hiyo aliitumia kama bwana mifugo, Ikungi, Mkalama, na miaka kumi na mmoja Mkiwa. Kazi hiyo ilimfundisha kwamba mtu akiulizwa ana ng'ombe wangapi, jibu lake si habari ya ng'ombe, ni habari ya anayeuliza. Siku ya chanjo mifugo ilifichwa vichakani, na mwenye boma alisimama mlangoni akitabasamu. Zefania hakubishana na tabasamu la mtu. Aliomba maji ya kunywa, na wakati akiyangoja alitazama unene wa samadi zizini na kuhesabu vibuyu vya maziwa vilivyoanikwa juani. Boma la ng'ombe wanane halianiki vibuyu kumi na vinne.

Kwenye kibanda cha gemu aliingia kwa bahati. Mwaka uliotangulia alipeleka simu yake kwa Raymond, fundi mwenye meza ndogo mlangoni pa kibanda cha Stumai, na Raymond akamwambia asubiri nusu saa. Ndani kulikuwa na runinga mbili, mabenchi matatu na vijana waliokuwa wakitambiana hadi mate yanaruka. Zefania alipoingia wakanyamaza wote na kumwamkia mmoja mmoja. Stumai, mwanamke wa miaka thelathini asiyekopesha hata dakika moja ya kucheza, akampa kiti chenye mto. Kijana mmoja akampa padi ajaribu. Hakuwa amewahi kuishika, ila alishinda mbili moja.

Baadaye aliona kwamba hilo peke yake lingetosha kumtia shaka. Lakini mtu akisifiwa hupoteza pua.

Akawa mtu wa pale kila Jumamosi saa nne asubuhi. Kabla ya kuanza kucheza, wateja wa kudumu walikuwa na desturi ya kukaa na kuambiana kila mmoja anacheza nini siku hizi, na maoni yake. Elisha, dereva wa bodaboda wa njia ya Ilongero, alikuwa na gemu la malori kwenye simu. "Unaendesha saa nzima," alilalamika, "hakuna trafiki, hakuna mbuzi barabarani, hakuna abiria anayesema nishushe hapo hapo. Sasa hiyo ni barabara au zulia?" Raymond alikuwa na gemu la vita aliloliponda kwa sababu askari wake hakuwahi kuchoka. Zefania naye alicheza gemu la ufugaji kwenye kompyuta aliyoachiwa na binti yake Aneth, na malalamiko yake yalikuwa ya kitaalamu: ng'ombe wa mle hawapati kupe, hawaharishi, wala hawajui ndigana. "Mfugaji anayelala usingizi namna ile," alisema, "huyo hana ng'ombe, ana picha."

Wakati Elisha na Raymond walipopingana, maneno yaliruka juu ya mabenchi. "Wewe gemu la vita huliwezi, unajificha nyuma ya pipa mpaka vita inaisha!" "Na wewe lori lako limeanguka kwenye tambarare!" Zefania alipotoa maoni yake, mabishano yalikufa. Kweli kabisa, Daktari.

Yote hayo angeyameza, kama isingekuwa safari ya Mkiwa.

Stumai alikuwa amepatana na mwenye kibanda wa Mkiwa, pale njia panda, wafanye bonanza la gemu la mpira. Kila upande ungetoa wachezaji watatu. Karatasi ya majina ilibandikwa ukutani: Elisha, kijana mwingine aitwaye Benson, na wa tatu, kwa kalamu nyekundu, Daktari Zefania. Karatasi ingepelekwa Jumatatu.

Usiku ule wa kuona jina lake alifurahi. Asubuhi akaanza kufikiri. Mkiwa alikaa miaka kumi na mmoja akiwaumbua watu mbele ya majirani zao kwa ng'ombe waliofichwa. Walikuwapo waliomngoja miaka mingi wamwone naye akiumbuliwa. Akienda kule akafungwa nane bila mbele ya umati, akidhihirika kuwa ni bingwa wa kupewa, hatapita tena njia panda ile bila mtu kucheka. Kwa hiyo alitaka kujua jambo moja tu kabla ya Jumatatu: jina lake liko ukutani kwa uwezo wake, au kwa mvi zake?

Akafungua daftari. Alikuwa amecheza mechi ishirini na tatu. Ushindi kumi na tisa, sare mbili, kufungwa mara mbili. Akatazama zile mbili alizofungwa. Zote zilikuwa za siku moja, na aliyemfunga ni mtu mmoja: utingo wa lori la vitunguu, mpita njia, aliyeingia kucheza wakati gurudumu linazibwa. Zefania alimkumbuka vizuri. Hakuamkia mtu. Alimwambia, "Oya mzee, sogea," kisha akamfunga tatu, akamfunga tano.

Aliyemfunga ni yule tu asiyemwamkia. Hivyo vilikuwa vibuyu vyake kumi na vinne.

Hata hivyo alitaka kuona samadi. Ijumaa alikwenda kibandani akakaa kucheza na Raymond. Dakika ya thelathini akabonyeza kwa makusudi kitufe cha kumtoa kipa, akamkimbiza mpaka katikati ya uwanja kama mbuzi aliyekata kamba. Straika wa Raymond akabaki na mpira na lango tupu, hatua sita. Raymond akapiga. Mpira ukapaa juu, ukaenda kwa watazamaji.

"Imepanda, Daktari," Raymond alisema, akiitikisa padi. "Hii ina matatizo. Nitaifungua niitazame."

"Nipe nijaribu."

Zefania akaijaribu dakika kumi. Ilipiga chini, ilipiga juu, ilipiga pale ilipoambiwa. Akairudisha, akashukuru, akaondoka. Raymond hakumtazama usoni.

Nyumbani alimkuta Theresia, mkewe, anapepeta alizeti uani. Theresia naye alikuwa na shaka zake: mume aliyestaafu hatoki kila Jumamosi amenyoa ndevu kwa ajili ya runinga. Zefania akamweleza yote, pamoja na lango tupu. Theresia aliendelea kupepeta.

"Sasa ulitaka wakufanyeje?"

"Wanifunge. Wanicheke. Wanachekana wao kwa wao."

Wakati huo Eliza, mjukuu wao wa miaka saba, akapita na ndoo. "Babu, umekaa kwenye jua, upara wako utatoa mafuta kuliko hizo alizeti!" Akakimbia. Zefania akamtupia kandambili, akamkosa, akacheka.

"Gerald amewahi kukwambia hivyo?" Theresia aliuliza.

"Gerald ni mwanangu. Atathubutu?"

"Na hao wa kibandani wanakuitaje?"

Walimwita Daktari, na wasipomwita Daktari walimwita baba.

Jumamosi alitangulia kufika. Elisha alipoingia na helmeti mkononi, aliinama kidogo kama kawaida. "Shikamoo, Daktari."

"Siitaki."

Mzee kukataa shikamoo si jambo dogo; mtu hukumbuka haraka haraka makosa yake yote. Stumai aliacha kufuta runinga. Elisha akaiweka helmeti chini. "Nimekosa nini, baba?"

"Baba yako ana miaka mingapi?"

"Arobaini na nane."

"Na baba yake?"

"Mzee Laurenti? Marehemu. Angekuwa na sabini na kitu."

"Laurenti wa Mkalama. Alinificha mitamba sita siku ya chanjo, nikaikuta imelala nyumbani chumbani kwa mkewe. Tulicheka sana baadaye. Nilimwita kaka mpaka anakufa." Zefania alivua miwani akaifuta. "Kama Laurenti ni kaka yangu, wewe ni nani wangu?"

Elisha alimtazama, akamtazama Stumai, akatafuta mtego uko wapi. "Mjukuu," alisema polepole.

"Na wajukuu kwenu Mkalama wanawasalimuje babu zao?"

Kijana aliona mzee hatabasamu, ila pia hajakasirika. Akathubutu. "Babu... kumbe hujafa tu?"

Stumai akaziba mdomo kwa kitambaa cha vumbi.

"Nakungoja wewe utangulie, unionyeshe njia," Zefania alijibu. "Kaa. Shika padi."

Mechi hiyo haikufanana na nyingine alizocheza pale. Dakika ya tano Elisha alifunga, akaangalia pembeni kuona kama mbingu imeanguka. Haikuanguka. Dakika ya kumi na saba akafunga tena, na ulimi ukafunguka. "Babu, mabeki wako wanangoja pensheni?" Goli la tatu: "Huyu kipa mpe uji, anatetemeka!" Raymond aliacha simu ya mteja ikiwa wazi mezani akaja kusimama mlangoni. Zefania alitukana kwa Kinyaturu, maneno ambayo kibanda hakikutegemea kuyasikia kwa mtu wa kanisani. Kipindi cha pili akapata upenyo, akamzunguka beki, akafunga. Elisha akaongeza la nne. Mwisho: nne moja.

"Haya," Elisha alisema akihema, uso unang'aa. "Umeridhika, Babu?"

Zefania hakuinuka. "Hilo goli langu. Lirudishe tulitazame."

"La nini? Goli zuri lile."

"Lirudishe."

Elisha akasita, halafu akalirudisha. Zefania alisogea mpaka karibu na kioo. Aliwaona wachezaji wakitembea polepole, akamwona straika wake akija, akamwona beki wa Elisha amesimama mahali pazuri kabisa pa kumzuia. Juu ya kichwa cha beki huyo kulikuwa na kile kishale kidogo kinachoonyesha ni yupi anayeongozwa. Mpira ulipokaribia, kishale kikaruka, kikaenda kukaa kwa mchezaji wa pembeni kabisa asiyehusika. Beki akabaki kama mti.

"Nani aliyekihamisha?"

"Kidole kiliteleza."

Zefania alimtazama namna alivyozoea kumtazama mtu aliyesimama mlangoni mwa boma. Elisha alivumilia kidogo, akashindwa.

"Ulisema nikutanie, Babu. Hukusema nikunyime. Mtu hamnyimi babu yake vyote."

Mlangoni Raymond alikohoa. Zefania aliiweka padi magotini. Alijua sasa alichotaka kujua, na hakikumuuma kama alivyotazamia. Kilimuuma mahali pengine: alikuwa akipewa kwa mapenzi, lakini bado alikuwa akipewa.

"Mechi ya pili," alisema. "Nikiona kishale kimeruka, naondoka, na sirudi kibanda hiki."

Elisha alielewa kwamba mzee hatanii. Akavua koti la bodaboda, akalitundika kwenye msumari, akakaa mbele kabisa ya benchi. Alicheza kama anavyocheza na Benson, kwa meno, na Zefania akakimbizwa pande zote za uwanja. Mara mbili alivuka nusu. Hakupiga shuti hata moja. Ilipofika sita bila, Stumai alikuwa amekwisha kuinuka na kwenda ukutani, akilibandua jina la tatu kwa macho kabla hajaligusa kwa kalamu.

"Futa," Zefania alimwambia. "Mweke Raymond."

Stumai akafuta mara moja, wala hakujifanya kubembeleza. Zefania aliiona haraka hiyo. Kumbe wote walikuwa wakiingoja Jumatatu kwa hofu kubwa kuliko yeye.

"Mkiwa nitakwenda," alisema, akinyoosha magoti. "Nitakaa upande wenu. Na mkicheza vibaya nitasema mbele ya watu."

"Utasema nini?" Elisha alikuwa anavaa koti, jasho linamtiririka. "Mtu wa sita bila ana maoni? Wewe kaa na ng'ombe wako wasio na kupe, Babu. Mpira tuachie."

Zefania alimkazia macho. Aliutafuta usoni mwa kijana ule upole wa siku zote wa kumwachia, kule pembeni ya mdomo ulikozoea kujificha. Alitafuta kwa muda mrefu, na hakuuona.