Kuku wa Kumwonyesha Mkwe Moto

Mama Nkandu alikuwa na mkwe mzuri, na mkwe huyo alikuwa akimtia aibu. Kila alipokuja kuamkia pale Kampemba, Muhindo, mume wa binti yake Graciella, aliketi nje kwenye kiti cha mbao, akasimulia habari za barabara na kutaniana na majirani, halafu chakula kikikaribia kuiva anasimama, anaaga. Hata maji hanywi. Siku moja tumbo lake lilinguruma mpaka likasikika jikoni, naye akakohoa haraka ili kulifunika. Nkandu alikuwa ameshika mwiko, anasonga bukari, ugali wa kwao.

Kijana hakuwa na kosa. Kwa akina Nkandu, mume wa binti hali chakula cha mama mkwe wake mpaka aonyeshwe moto. Chilanga mulilo, ndivyo wanavyoiita. Wanawake wa upande wa bibi harusi wanapika kila kinachopikwa nyumbani kwao, wanambebea mkwe, wanafunua chombo kimoja kimoja mbele yake na kumwambia: hivi ndivyo tunavyokula sisi, kuanzia leo ukija utakula nasi. Katikati ya vyombo hivyo lazima awepo kuku mzima, asiyekatwa wala kupungukiwa kiungo, aliyeiva mpaka mfupani. Kuku mbichi ni tusi. Aliyeungua ni tusi pia, tena la kusimuliwa miaka.

Muhindo alikuwa Mnande wa Butembo, mila hiyo si ya kwao. Lakini tangu Virginie, dada mkubwa wa Nkandu, alipomweleza siku ya harusi, aliishika kuliko waliozaliwa nayo. Mgeni akikubali mila yako anaikubali yote, hata pale ambapo wewe mwenyewe ungefumba jicho.

Na moto wenyewe ulikuwa haujaonyeshwa kwa sababu moto haukuwapo. Ulikuwa mwaka wa 1997, vita vinakuja kutoka mashariki, serikali ya zamani inabomoka kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Askari walikuwa wakinyang'anya malori. Lori la Edmond, baba mdogo wa Muhindo, ambalo Muhindo ndiye aliyeliendesha, lilikuwa limefichwa nyuma ya ukuta bila magurudumu. Malori ya barabara ya Kasomeno yalipoacha kutembea, makala, yaani makaa ya kupikia, yakaacha kuingia mjini, na watu wakaanza kukata miembe ya barabarani usiku. Sherehe ikaahirishwa, ikaahirishwa tena.

"Vita ikimukuta huyu mutoto bado sijamuonyesha moto," Nkandu alimwambia mumewe, "atakufa na njala ku mulango yangu, na mie niko naangalia. Tunafanya dimanche hii."

"Na makala gani?" Chileshe akauliza.

"Na matonge yangu."

Zamani Nkandu aliuza kuku wa kuchoma, na pipa lake lilikuwa kazi ya mikono ya Chileshe: pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, mfuniko juu, mlango mdogo wa hewa chini. Makala yalipokosekana, Nkandu alikwenda kwa jirani yao Mzee Yuma, fundi seremala, akaomba unga wa mbao uliokuwa ukitupwa tu. Akauchanganya na uji wa muhogo, akaviringa matonge madogo kama ya kuchovya mchuzi, akayaanika juu ya bati. Yaliwaka. Ila yalikuwa na tabia zake, na tabia hizo hazikuwa nzuri.

Tonge kavu linashika mara moja na kupandisha moto kwa kiburi. Tonge lenye unyevu linanuna, linatoa moshi, unadhani limekufa. Kumbe linajikausha taratibu, na likimaliza linawaka na wenzake wote kwa pamoja. Na ilikuwa masika, kila kitu kina unyevu. Nkandu aliunguza kuku wawili kabla hajaelewa. Akajifunza kuyapima kwa kuyagonga kwenye jino, makavu huku, ya kununa kule. Akaweka matofali mawili ndani ya pipa, yapate moto na kuutunza, ili moto ukipanda yanywe, ukishuka yarudishe. Akajifunza kurusha matone ya maji juu ya mfuniko: yakicheza na kukimbia, sawa, yakikauka papo hapo, moto umezidi, yakikaa kama machozi, umepungua. Na kubwa kuliko yote, akajifunza kuketi. Moto ukishuka kidogo, unaungoja. Ukiukimbilia, utakukimbilia na wewe.

Chileshe yeye hakujua kuketi. Alikuwa amekula ujana wake kwenye tanuru za shaba za Likasi, ambako moto ukishuka watu wanapiga kelele. Kampuni iliacha kumlipa, ikaacha hata kumwita, lakini mikono yake ilikuwa bado kazini.

Jumapili ikafika. Kuku alikuwa mmoja tu, jogoo wa mwisho wa uani. Wengine walikwisha kuondoka na askari wapita njia. Nkandu alimlaza ndani ya pipa, akaweka matonge makavu machache, akafunika. Maji yalicheza vizuri juu ya mfuniko. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa tayari, maharage tayari, samaki mkavu tayari. Akaingia ndani kumfunga Virginie kitambaa kichwani.

"Baba Graciella, kaa hapo. Hapana gusa kintu."

"Nitagusa nini?" akajibu Chileshe, mtu mwema kabisa.

Moto ukashuka kidogo, kama kawaida yake. Chileshe akarusha maji: yakakaa kama machozi. Akavumilia. Akarusha tena. Basi akatia konzi ya matonge, kutoka upande wa kununa. Yakatoa moshi tu. Akatia konzi nyingine, akafungua mlango wa hewa mpaka mwisho. Mkamia maji hayanywi.

Nkandu alitoka akasikia pipa linavuma. Alirusha maji, hata hayakugusa bati vizuri. Alimwangalia mumewe, na mumewe akaangalia viatu vyake.

"Fungula, tumutoshe inje!" Virginie akapiga kelele.

"Hapana!" Nkandu alijua akifunua, hewa itaingia na jogoo atageuka tochi. Alichota tope la mvua kwa mikono miwili, akaziba mlango wa hewa. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya pipa. Aliogopa sana. Virginie alizunguka ua akiita majina ya Mungu, Chileshe alinyoosha mkono mara mbili na kuurudisha mara mbili. Pipa likavuma, likaguna, likanyamaza. Nkandu hakulifunua. Aliyaacha matofali yafanye kazi yao mpaka maji yakaanza tena kucheza juu ya mfuniko, na hata hapo aliketi kidogo zaidi.

Walipofunua, jogoo alikuwa mwekundu wa kupendeza, mafuta yanatiririka, isipokuwa bawa moja. Bawa hilo lilikuwa jeusi kama makala yenyewe.

"Tulikate," Chileshe akanong'ona.

"Ukilikata, haiko tena kuku muzima."

Jogoo akaenda hivyo hivyo. Mama mkwe haendi, hiyo nayo ni mila. Nkandu alibaki uani na mikono yenye tope, akiwatazama wanawake wakipotea na vyombo vichwani kuelekea Bel-Air, kwa akina Muhindo. Chileshe aliketi karibu naye. Safari hii hakuna aliyegusa kitu.

Virginie alirudi anacheka kabla hajafika. Émerance, mke wa Edmond, ndiye aliyeliona bawa.

"Ananiuliza: mama, na hii nyeusi? Mie namujibu: si mulisema tuje kuonyesha moto? Ndio moto huyo! Basi Muhindo anachukua lile bawa, anakula hilo kwanza. Kru, kru, na mifupa yake!"

Nkandu alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa tope. Akamsamehe Chileshe, ingawa alingoja kesho yake kumwambia.

Mwezi wa nne vita vikaingia mjini. Risasi zililia tangu alfajiri, na Muhindo na Graciella wakaja mbio wakipita nyuma ya nyumba za watu, hawana hata mfuko. Graciella alijitupa mkekani. Muhindo safari hii hakuketi nje; aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mbali na dirisha. Kila mlio uliposikika, wote waliinama.

Jikoni palikuwa na bukari na majani ya viazi, basi. Nkandu aliona haya kukitaja chakula kama hicho. Ndipo tumbo likanguruma, lile lile, kwa sauti ile ile. Muhindo hakukohoa.

"Mama," akasema, "niko na njala. Kuko nini mu sufuria?"

Nkandu akainuka, ameinamisha kichwa kwa sababu ya risasi, akaenda kumpakulia.