Siku Niliyotaja Bei

Shehe wa msikiti wetu asema kupiga bao kutazamia watu ni haramu, la bure na la pesa. Sibishani naye. Mimi ugomvi wangu ni na Nyamvula, mwaka wa kumi na mbili huu, naye hata hajui kama tuna ugomvi.

Tulifunzwa pamoja, hapa hapa Mtongwe, na marehemu Bi Mweri. Alikuwa na ubao wake wa mchanga, mkeka wa ukindu, na sharti moja. Mtu akija kutazamiwa, humtajii bei. Akiondoka ataingiza alicho nacho chini ya pindo la mkeka, nawe huinui mkeka mpaka atoke nje. Shilingi hamsini, yai, hata chumvi. "Ukitaja bei umeuza," alikuwa akituambia, "na aliyeuza hana budi kutoa bidhaa. Bao lisipoonyesha kitu, mwanangu, utafanyaje?"

Bibi alipofariki, mkeka nikaurithi mimi. Nyamvula akaenda akanunua sofa.

Sofa, wallahi! Ya rangi ya maziwa, pale njia panda, karibu nami hata mlango wake wa chuma nausikia ukifunguliwa. Akatundika kibao, akabandika ukutani nambari ya simu ya kulipia: elfu moja mia tano, kabla hujaketi. Nikacheka mimi! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikawaambia wanawake kisimani. Basi kikajitembeza hasa. Yakaanza kuja magari kutoka ng'ambo ya feri, jimama limejaza dhahabu shingo nzima laniuliza mimi, "Kwa Bi Nyamvula ni wapi?" Nami naelekeza kwa kidole, natabasamu, huku roho yaniuma kama jino bovu.

Sikatai, nilimwonea kijicho. Kwa bati lake, kwa vigae vyake, kwa vile watoto wa mtaa walivyomkimbilia kumwamkia shikamoo. Alipojenga choo cha ndani sikupata usingizi siku mbili. Siku ya Idi aliniletea biriani, nikawamwagia kuku. Mwizi tu yule, nilikuwa nikijiambia, mimi ndiye niliyeshika amana ya bibi. Neno hilo ndilo lililokuwa sofa yangu.

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, akaja mwanamke nisiyemjua. Jina lake Florence, akaa Chaani, afanya usafi katika hoteli. Mdogo wake, Faith, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na sasa miezi minne hajapiga simu.

"Mama, nataka kujua kitu kimoja tu," akasema. "Kama yu hai."

Mkononi ameshika noti zilizokunjwa. Nikaziona. Juu ya kichwa changu makuti yameoza, mvua ya jana imeingia mpaka kitandani. Na saa ile ile nikausikia mlango wa chuma wa Nyamvula, na fundi akiuliza madirisha ya kioo yashushwe wapi. Madirisha ya kioo! Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Elfu moja mia tano."

Yaani hata bei nilimwiga yeye.

Florence alinitazama kama anayetaka kusema neno, kisha akanipa. Nikazifumbata, nikapiga bao. Nikachora, nikafuta, nikachora tena. Sikuona kitu. Mchanga ulikuwa mchanga. Siku nyingine yoyote ningemwambia, "Mwanangu, sioni," naye angeweka senti yake chini ya mkeka akaenda zake. Lakini pesa nimeshazishika, na aliyelipa ananitazama machoni, angojea bidhaa.

"Yu hai," nikasema. "Amenyang'anywa simu tu. Atapiga kabla ya mwezi kuandama."

Alilia. Akanishika mikono yote miwili akaibusu. "Basi siendi tena ofisini, mama. Leo niliomba ruhusa kazini nikaandikishe ripoti kwenye ofisi ya serikali mjini, waanze kumtafuta. Lakini kama atapiga mwenyewe, wacha nimngojee." Akainama kuvaa viatu. "Mungu ambariki sana Bi Nyamvula."

"Nyamvula gani?"

"Huyu wa hapo njia panda. Nilianza kwake. Akapiga bao akasema haoni kitu, akanirudishia pesa zangu kwa noti, hizo ulizoshika. Akaniambia niende ofisini tu. Na kama moyo hautulii, nipitie kwako wewe Mwanatabu, kwa sababu Mwanatabu hatozi, hana haja ya kunidanganya."

Akatoka. Nami nikabaki nimeketi.

Ningependa kusema kwamba niliona haya kwanza. La. Kwanza niliona wivu. Hata hili, Nyamvula? Hata hili umenishinda, na sofa juu? Haya zilikuja baadaye, nilipomfikiria yule msichana amefungiwa katika nyumba ya watu, na dada yake anarudi Chaani kungojea simu niliyoitunga mimi.

Nikatoka mbio, miguu mitupu, leso yaniponyoka. Nikamkuta njia panda, chini ya kibao cha Nyamvula, apanda tuktuk.

"Mwanangu, sikuona kitu! Nimekudanganya. Shika pesa zako, nenda ofisini, sasa hivi, kabla hawajafunga."

Furaha ikamtoka usoni yote. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Kwa hivyo hujui kama yu hai."

"Sijui."

Akachukua pesa. "Feri," akamwambia dereva. "Tafadhali, upesi."

Nilipogeuka, Nyamvula amesimama mlangoni pake, na alikuwa amesikia kila neno. Nikangoja acheke. Mimi ningecheka. Ningecheka mpaka kisimani wasikie.

"Shoga," akasema, "kokoto zote hizi, waja miguu mitupu?"

Akavua viatu vyake, vya ngozi, vipya, akavisukuma kwangu kwa kidole cha mguu, kisha akaingia ndani peku. Nilivitazama kwa muda. Halafu nikavivaa. Vilinienea sawasawa, na hilo nalo likaniuma.