Somo Bila Ubatizo

Miaka michache baada ya Uhuru nilirudi Oyugis na shahada yangu, na ofisi moja ya Homa Bay ikanikabidhi sanduku la vitabu arobaini. Kazi yangu ilikuwa kuanzisha kikundi cha usomaji katika ukumbi wa soko. Afisa angekuja Jumamosi ya kwanza. Asipokuta watu, sanduku lingepelekwa Suna.

Nilikaa siku nne nikichagua kitabu cha kwanza cha kupendekeza. Kifupi kingeonekana dharau. Kirefu kingewatisha. Cha kuchekesha kingenivunjia heshima, na heshima yenyewe sikuwa na hakika kama ninayo. Mwishowe nikachukua riwaya nene ya huzuni ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuimaliza. Kijitabu cha ufugaji wa kuku nilikificha chini kabisa, afisa asije akadhani hicho ndicho kiwango changu.

Tangazo nililiandika mara sita, nikifuta na kufupisha, hadi likabaki hivi: Somo, Jumamosi saa nane, nyote karibuni. Kwa Kijaluo, somo ni kusoma. Nilisahau kwamba kwa mama zetu ni pia yale mafundisho ya kanisani kabla ya kubatizwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nilifurahi kama dakika moja, kisha nikaona nguo nyeupe, vitabu vya nyimbo, na jogoo aliyefungwa miguu mlangoni.

"Huyo ni wa mwalimu," alisema mama mmoja mfinyanzi, akinikagua kuanzia viatuni. "Lakini nyathina, mwanangu, ni wewe utatubatiza? Hata ndevu huna."

Mtu mwingine angewaeleza. Mimi niliwaza: nikisema ukweli wataondoka, na afisa yuko njiani.

"Tuanze na kusoma, mama," nikasema.

Nikafungua riwaya, nikawa nasoma na kuwatafsiria. Kufikia ukurasa wa tatu mzee mmoja alikuwa anakoroma, na mama mfinyanzi amepiga magoti kando ya sanduku, akipekua. Aliibuka na kile kijitabu changu cha aibu, chenye picha ya kuku kwenye jalada.

"Huyu kuku ni mgonjwa," alisema. "Angalia mabawa. Wangu walianza hivihivi. Soma hapa."

Nikasoma habari za kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Ukumbi ukaamka. Mmoja akasema dawa ni maji ya pilipili.

"Ndiyo maana wako walikwisha," jirani yake akamjibu.

Wakaniamuru nirudie ukurasa ule, polepole. Afisa aliingia katikati ya ubishi, hakuna aliyemtazama. Akaketi, na baada ya kitambo akauliza kuhusu kuku wake mwenyewe. Alipoondoka alisema sanduku libaki.

Hapo nikakiri, jasho likinitiririka, kwamba hakuna ubatizo.

"Tulijua mapema," alisema mama mfinyanzi. "Mhubiri gani anaogopa watu hivyo?"

Akatia kijitabu cha kuku kwapani, akamwinua jogoo. "Huyu alikuwa wa ubatizo. Tunarudi naye."

Kisha akachukua riwaya yangu, akafunua kurasa za mwisho zilizokuwa safi kabisa, hazijaguswa, akanirudishia.

"Hiki kimalize wewe kwanza, mwalimu. Halafu utuambie kama kinafaa."